Nesi Aliandika Alichosikia

Mafubira, Jinja
Alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Karima mwanangu,

Barua ya heshima huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: asubuhi ulikunywa chai umesimama, ukaacha nusu ya andazi kwenye kisahani, ukaenda Busiu kumuaga bibi yako. Hali yetu unaijua pia, maana ndiyo uliyoiacha nyuma ulipofunga mlango. Basi tuseme salamu zimekwisha, tuingie ndani.

Mama yako yuko chumbani anafunga begi lako kwa mara ya nne. Anatia siagi ya karanga, anatoa sweta. Anatia sweta, anatoa siagi ya karanga. Mambo ya kuvaa, kula, kuswali, kupiga simu na kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, yote ameyachukua yeye na kuyaandika kwenye karatasi, pande zote mbili. Mimi hakunibakizia kitu. Nilipomwambia kwamba nami nataka kukuandikia, alinitazama juu ya miwani.

"Wewe? Andika. Ila usimwandikie mtoto kama unamwandikia hakimu."

Ana haki ya kusema hivyo. Nimekaa nje ya mahakama na mashine ya taipu kwenye meza ya miguu mitatu na tofali tangu kabla hujazaliwa. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuwatazama makarani kupitia dirishani, na sheria nilijifunza kwa kuandika upya makosa ya mawakili. Ndiyo maana leo naandika kwa mkono, na mashine nimeifunika kitambaa. Nikiigusa tu, vidole vitaanza vyenyewe, "Mimi niliyetia sahihi hapa chini", na mchana huu nataka niwe baba yako kwanza, mtia sahihi baadaye.

Jambo lenyewe liko kwenye faili lako la kijani.

Jumanne ulinipa karatasi moja niisome kabla hujaituma kwa baraza la wauguzi la huko Kanada, niangalie kama Kiingereza chake kimenyooka. Ni ile wanayotaka ueleze kwa nini pasipoti yako inasema Kalima, na vyeti vyako vyote vya uuguzi vinasema Karima. Niliisoma mara mbili. Nikakuambia, "Ni sawa." Ukasema utaituma ukishafika, pamoja na hati ya kiapo ya wakili, na faili lako litafunguka upite kwenye mtihani wao.

Kiingereza chake hakina kosa, Karima. Kosa ni langu. Umeandika kwamba nesi wa wodi ya wazazi kule Mbale aliliandika jina lako vibaya kwa uzembe, na kwamba alipoambiwa alikataa kulisahihisha. Umeandika hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuambia hivyo. Nilikuambia pale jikoni, mwaka ulipokwenda kuchukua kitambulisho cha taifa ukarudi umekishika kwa ncha za vidole kama samaki aliyeoza. "Baba, hawa wameniita nani?" Nami nilikuwa nakoroga chai. Nikasema, "Ni nesi wa Mbale. Nilimwambia, akakataa." Sukari ilikuwa imeyeyuka zamani, lakini niliendelea kukoroga.

Tangu siku ile umemchukia mtu ambaye hujamwona. Barua pepe ya baraza ilipokuja, ile ya kusema majina hayalingani na faili limesimama, ulipiga meza. "Yule nesi! Ningempata leo!" Mama yako alinitazama. Unajua mama yako akinyamaza nyumba inakuwa na joto. Mwaka mzima umepita hivyo: shule yako ya uuguzi ikituma karatasi zake kwenye bahasha iliyofungwa, huko wakirudisha jibu kwamba hawamjui Karima, wanamjua Kalima. Umekwenda zamu ya usiku na kurudi, umefanya mtihani wa lugha, umepigwa alama za vidole, na kila ulipokwama ulimlaani mwanamke yule. Mimi nikaitikia, "Ndiyo, ndiyo, watu wengine bwana." Hata amina karibu niitikie.

Sasa nikuambie ilivyokuwa.

Lakini nikianzia wodini hutaelewa kwa nini mtu mzima alishindwa na herufi moja. Niruhusu nirudi nyuma kidogo.

Babu yako, baba yangu, alikuwa dereva wa jeshi. Sisi ni wajukuu wa wale askari walioletwa kutoka Sudani, hilo unalijua, ingawa siku hizi mnalisema mkicheka. Nilipokuwa mdogo tulikaa karibu na kambi ya Kimaka. Nakumbuka sauti ya kina mama wakiitana kwa Kiswahili juu ya ua wa mabati, harufu ya kahawa yenye tangawizi, na bibi yako, mama yangu, ameketi mkekani anasuka vifuniko vya sinia: nyekundu, kijani, zambarau, rangi za kugombana. Baba akirudi tulipanga mstari na kupiga saluti, "Afande!", naye anatukagua mmoja mmoja, anakuta kosa kwenye kaptula ya kila mtu. Kiswahili chetu kilikuwa na R ngumu. R ya gari la jeshi likipanda mlima. Hatukujua kwamba ni kitu cha kuogopa.

Kisha utawala wa kijeshi aliokuwa akiutumikia ukaanguka, na baba hakurudi. Simulizi yake ni ndefu na sehemu kubwa siijui. Ninachokijua ni kwamba ghafla watu wakawa wanasikiliza jinsi tunavyosema. Kiswahili kilikuwa lugha iliyokuja na bunduki, na mwenye kukisema vizuri alikuwa na maswali ya kujibu. Kanzu unaweza kuvua. Kofia unaweza kuficha chini ya godoro. R utaiweka wapi?

Mama alituketisha kwenye mkeka na kutufundisha kuharibu. Nakumbuka kama jana. Mwanamke aliyetupiga makofi kwa kukosea Kurani, sasa anatufundisha kukosea.

"Sema karibu."

"Karibu."

"Sivyo. Sema kama watoto wa sokoni. Kalibu."

"Kalibu."

"Sema rangi."

"Langi."

Alikuwa anauza vile vifuniko sokoni Jinja, nami nambebea. Siku moja mteja aliuliza rangi ya zambarau kama haichujuki. Nikajibu haraka, na R ikatoka yote, na injini yake. Yule mama mteja akakiweka kifuniko chini taratibu, akanitazama, akamtazama mama yangu, akaondoka. Hakuna kilichotokea. Tulirudi nyumbani salama. Lakini mama hakunituma tena sokoni, na mimi nilijua kwa nini. Nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa nimekwishajua kwamba mdomo wangu unaweza kuwaponza watu.

Ndipo ilipokua ile chuki yangu ya L. Miaka ilipita, mambo yakatulia, watu wakasahau au wakachoka. Nikairudisha R yangu kwa fujo, kama mtu aliyerudishiwa shati lake na sasa analala nalo. Nikawa nawasahihisha watu. Nilimsahihisha muuza nyama. Nilimsahihisha sheikh kwenye tangazo. Na mashine yangu ya taipu ikala kwa hizo hizo herufi mbili, kwa sababu huku kwetu nusu ya watu wana jina moja shuleni na jingine kwenye hati ya kiwanja: Rukia na Lukia, Labani na Rabani. Walikuja mezani wameinamisha vichwa, nami nawaandikia kwamba Fulani na Fulani ni mtu mmoja. Nilijiona daktari wa majina.

Mama yako nilimpata kwa njia hiyo. Alikuja kutengeneza jina la cheti chake, akaniambia, "Halakisha basi, basi la Mbale linaondoka." Nikamsahihisha neno moja. Akaniambia nijisahihishe mwenyewe kwanza, kwamba kola yangu imegeuka. Basi likaondoka bila yeye.

Ulipozaliwa hukuja kwa njia ya kawaida. Mama yako alikuwa kwao Busiu, uchungu ukamshika, ukakataa kutoka, akapelekwa Mbale akapasuliwa. Mimi nilikuwa Jinja. Niliambiwa asubuhi ya pili, nikafika siku ya tatu. Mama yako alikuwa bado hajitambui vizuri. Aliyekaa nawe muda wote ule, aliyekupokea kutoka mikononi mwa nesi ukiwa umefungwa kitenge, ni bibi yako wa Busiu, unayemwita Kukhu. Jina nilikuwa nimelichagua mapema na mama yako alikuwa amemwambia: ni Karima. Mtoto mkarimu. Kukhu alilibeba jina lile kichwani siku tatu, akalisema kwa nesi kama alivyoweza. Nesi akaandika.

Sasa unajua desturi ya kwao. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawaketi kiti kimoja, hawasemezani uso kwa uso kama wauza nyanya. Kuna mtu wa katikati wa kupeleka maneno. Mwanzoni nilidhani ni ushamba. Leo naona ni akili nyingi. Walijua wanaume wa aina yangu watakuja.

Niliingia wodini na kanzu yangu iliyopigwa pasi. Wodi imejaa, jamaa wa wagonjwa wameketi hadi chini, vyombo vya uji, watoto wanalia. Nikakuona. Sitakuandikia nilivyokuona, maana mama yako atasoma barua hii kabla hujaipata, nami bado nataka kuheshimika ndani ya nyumba. Kisha nikachukua kadi kwenye kitanda chako, nikaisoma. Kalima.

Karima, sikusikia jina la mtoto. Nilisikia "langi". Nilisikia mkeka wa mama yangu na ule woga wote. Nikaona mtoto wangu ameanza maisha kwa kujificha.

Nikamgeukia Kukhu. Si kupitia kwa mtu. Moja kwa moja, machoni, mbele ya wodi nzima, na kwa sauti ya mahakamani.

"Mama, jina moja tu limekushinda? Kalima kwa Kiarabu ni neno! Mimi nimezaa neno?"

Watu walicheka. Wodi ile ilikuwa na siku nyingi haijapata cha kucheka, siwalaumu. Mmoja akasema, "Basi tuite Baba Neno!" Wakacheka tena. Mimi, ujinga wangu, nilidhani wanacheka pamoja nami. Nilipomtazama tena Kukhu, alikuwa ameshavuta kitenge kichwani. Alikuweka kitandani polepole sana, ubavuni kwa mama yako. Akatoka bila viatu. Viatu vyake vilibaki chini ya kitanda.

Nesi alikuwa amesimama na kitabu chake. Sista Perusi, mwanamke mfupi, saa yake imebandikwa kifuani juu chini. Hakuwa mzembe. Nataka usome sentensi hii mara mbili: hakuwa mzembe, na hakukataa chochote. Alingoja wodi inyamaze, akaniambia kwa upole ambao sikustahili:

"Bwana, mimi nimeandika nilichosikia. Kama si hivyo, tunatengeneza. Kitabu nakipeleka Ijumaa jioni. Njoo na yule mama aliyenipa jina, alitaje tena mbele yangu, wewe uliandike hapa kando, tumalize."

"Kwa nini mpaka yeye?"

"Kwa sababu ndiye aliyelisema. Siwezi kufuta neno la mtu bila mwenyewe kuwapo."

Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa na siku mbili, na safari ya kutoka Mbale hadi Busiu unaijua, hata kwa baiskeli. Kitu nilichotakiwa kufanya ni kimoja: kutafuta mtu wa katikati, nisimame nje ya nyumba ya Kukhu, nimwambie nimekosa, na tuje wote wodini. Nikajiambia kesho. Alhamisi nikajiambia mimi ndiye mwenye mtoto, kwa nini nimbembeleze mtu aliyekosea? Ijumaa niliswali Mbale, na baada ya swala nikapanda basi. Si la Busiu. La Jinja.

Mama yako mdogo Khainza alikuwa msichana wa kumtunza mgonjwa wakati ule. Yeye ndiye aliyeniambia, miaka mingi baadaye na bila kuulizwa, kwamba Sista Perusi alikaa na kile kitabu hadi taa zikawashwa. Wenzake walikuja kukichukua, akawaambia wangoje kidogo. Mwishowe akakifunga, akasema, "Baba Neno hatarudi. Nawajua wanaume wa kalamu."

Aliniandika hivyo, na alinisoma vizuri kuliko nilivyosoma kadi yako.

Yaliyofuata unaweza kuyakamilisha mwenyewe. Cheti cha kuzaliwa kikafuata kitabu. Kitambulisho kikafuata cheti, pasipoti ikafuata kitambulisho. Na mimi, kila fomu ya shule iliyopita mkononi mwangu, niliandika Karima kwa herufi kubwa, nikiikandamiza ile R karibu itoboe karatasi. Nilikuwa naweza kulitengeneza jina lako wakati wowote. Nililitengeneza la kila mtu aliyepita barabara ile. La kwako lilihitaji niende Busiu kwanza.

Na Kukhu hakunisemesha tena, hata kupitia kwa mtu. Kwenye mazishi ya babu yako wa Busiu nilisimama upande wa wageni. Unakumbuka likizo ulizokwenda kule, ukirudi na magunzi ya mahindi mfukoni na kuitika Kalima? Nilikuwa nakuita mara ya kwanza, huitiki. Nakuita mara ya pili, ndipo unakumbuka umerudi Jinja. Nilikuwa nacheka mbele ya watu. Usiulize nilichokuwa nafanya nyuma yao. Leo ningetoa vingi nikuone unaingia tena pale mlangoni na vumbi la Busiu miguuni, na hujui bado jina gani ni lako.

Sasa mwaka huu. Wakili wa Mbale alisema kiapo changu peke yangu hakitoshi. Anamtaka mtu aliyelitaja jina siku ile. Ulikuwa zamu, nikakuambia, "Usijali, mimi nitakwenda." Ulinibusu mkono. Ulidhani ni wema.

Nilifika Busiu saa nne asubuhi, nikasimama nyuma ya nyumba kwenye migomba, nimempa mgongo mlango kama inavyotakiwa. Mzee wa miaka hamsini na zaidi, nimesimama nazungumza na mgomba. Khainza alikuwa mtu wa katikati. Alikuwa anafurahia, usidanganyike na uso wake.

"Anauliza umekuja kufanya nini."

"Mwambie nimekuja kumwomba msamaha."

Akaingia. Akakaa muda wa kuchemsha mayai. Akatoka.

"Anauliza, ni msamaha au ni sahihi?"

Unaona mtu huyo? Maisha yake yote ni shambani, hakuwahi kukanyaga mahakamani, na angenimaliza kizimbani kabla ya chai. Nikaangalia ule mgomba. Nikasema, "Mwambie nimekuja kwa sahihi. Lakini nimesimama hapa nikaona ni msamaha."

Safari hii hakukaa sana. "Anasema ngoja avae viatu."

Ofisini kwa wakili tuliketi mabenchi mawili, Khainza katikati kama ukuta. Wakili mwenyewe ni kijana, ana haraka, tai imembana. Akasoma hati kwa sauti, kisha akamwomba Kukhu alitaje jina la mjukuu wake.

"Kalima," akasema Kukhu.

"Samahani bibi. Ni L au R?"

"Kalima."

"Naandika ipi sasa? Ile ya pasipoti au ile ya vyeti?"

Kukhu akaweka fimbo yake chini. "Mtoto wangu, mimi nasema jina moja tu. Tangu siku ile nasema jina moja. Nyinyi ndio munasikia mbili."

Wakili alikaa na kalamu hewani. Mimi nilitazama ncha za viatu vyangu. Karima, miaka yote ile nilidhani mwanamke huyu alikosea. Kinywani mwake hapakuwa na kosa lolote. Alisema Karima, kwa ulimi wake, kama vile mimi nasema Busiu kwa ulimi wangu nao wananivumilia. Aliyetenganisha jina lako vipande viwili ni masikio yangu.

Akaweka kidole gumba chake kwenye hati. Hati ile ni ya kweli, usiogope kuituma: inasema majina mawili ni ya mtu mmoja, na tofauti ilitokana na matamshi. Haikuuliza zaidi. Tukatoka nje. Kukhu akamwambia Khainza kitu kwa Kigisu, kirefu kidogo. Khainza akanigeukia, na safari hii hakuwa anacheka.

"Anasema, ameapa kuhusu jina. Kuhusu wewe hajaapa. Hayo utamwambia mtoto mwenyewe."

Hiyo ni miezi miwili sasa. Umekwenda kumuaga leo, na nina hakika ametazama uso wako kuona kama unajua. Ameona hujui. Na hakukuambia, kwa sababu yeye hafuti neno la mtu bila mwenyewe kuwapo.

Kwa hiyo nimekuwapo.

Naweza kuwaza utakavyokuwa ukisoma hapa. Utakunja karatasi, utatazama dirishani, utasema, "Baba, mwaka mzima!" Sema. Nimejiandaa, ingawa namna ya kujiandaa sijaigundua. Nilikuacha ukae gizani kwa sababu ulikuwa unanitazama vizuri, na mimi nilipenda kutazamwa vizuri. Nilikuona ukirudi kutoka zamu, macho mekundu, unamlaani mwanamke aliyeningoja mpaka taa zikawashwa, na nilijiambia hana hasara, hatajua. Lakini wewe ungejua siku moja. Na leo unaomba uandikwe kwenye daftari la wauguzi wa nchi nyingine, na karatasi yako ya kwanza inamsingizia muuguzi. Siwezi kukuacha uiweke sahihi yako pale. Ile sahihi umeipata kwa jasho, yangu ndiyo ya kuokoteza.

Sijui kama watauliza tena, wala kama watalichelewesha faili lako kwa ajili ya sentensi moja kubadilika. Nimesoma barua zao zote. Ni watu wa kutaka karatasi, si watu wabaya. Uamuzi ni wako. Ukiona bora uache kama ilivyo, iache, na mimi nitabaki na langu. Lakini nakufahamu. Mtoto aliyerudi wodini saa moja baada ya zamu kwisha kwa sababu alidhani ameandika nane badala ya sita kwenye chati, na kumbe aliandika sita, huyo hataacha.

Kama utaibadilisha, nimejaribu kukuandikia. Si Kiingereza, Kiingereza utakitia mwenyewe, umenizidi. Ni hivi tu: nesi aliandika alichosikia. Bibi alisema kama ulimi wake ulivyo. Nesi alitoa nafasi ya kusahihisha. Baba hakurudi.

Inatosha. Wasipoelewa kwa nini baba hakurudi, waambie hata huku hatukuelewa upesi.

Nasikia mama yako anafungua zipu tena. Ni sweta au karanga, Mungu anajua. Utaingia kabla ya magharibi, na sitakuambia lolote mezani, tutakula, tutacheka, utaniona mtu wa kawaida. Barua hii nitaiweka kwenye faili la kijani, juu ya ile karatasi, mahali ambapo huwezi kuitoa moja bila kuigusa nyingine. Mtu aliyezoea mafaili haachi jambo lipotee.

Mashine nimeifunika, lakini vidole vina ukaidi wake, na kitu kimoja nimeacha vikiseme kwa namna vinavyoijua. Kipokee kama kilivyo.

Mimi niliyetia sahihi hapa chini, mkazi wa Mafubira, mwenye akili timamu kwa mara ya kwanza katika shauri hili, naapa kwamba Karima wa Jinja na Kalima wa Busiu ni mtu mmoja, kwamba nimemjua tangu siku ya tatu ya maisha yake, na kwamba kesho alfajiri akitoka, nyumba hii itapungukiwa na watu wawili.

Baba yako